Kitambaa cha Cannavaro na mbuzi wa Ruangwa

Leo naomba siasa na bei ya korosho nizipe likizo. Nataka kuongelea mabeki.

Ndugu msomaji, nenda kijiwe chochote cha kahawa pale Nachingwea ukaulize ni mchezaji gani bora aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga au Simba. Utatajiwa mawinga, viungo na washambuliaji mpaka kahawa iishe kwenye birika. Mrisho Ngassa atatajwa. Emmanuel Okwi atatajwa mara mbili, kwa sababu amecheza kote kuwili. Beki hatajwi. Beki anakumbukwa siku aliyojifunga, au siku aliyopitwa chobo mbele ya watu elfu sitini. Akicheza dakika tisini bila mtu kumwona, hiyo ndiyo kazi aliyotumwa, na watu wanaondoka uwanjani wakimzungumzia mfungaji.

Mimi mchezaji wangu ni beki, tangu nikiwa shule ya msingi. Anaitwa Nadir Haroub Ali, wengi mnamjua kama Cannavaro. Watu wa Simba mnaosoma hapa vumilieni kidogo, baadaye nitafika na kwenu.

Jina la utani lilitoka kwa Fabio Cannavaro, beki wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia kule Berlin mwaka 2006 akiwa nahodha, mtu mfupi kwa viwango vya mabeki wa kati, halafu mwaka huohuo akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, kitu ambacho mabeki huwa hawapewi. Nadir alitua Jangwani mwaka huohuo wa 2006 akitokea Zanzibar alikozaliwa mwaka 1982. Akakaa miaka kumi na miwili. Ukiondoa safari moja ya mwaka 2009 aliyokwenda Vancouver Whitecaps ya Canada pamoja na Nizar Khalfan, mtoto wa Mtwara wa hapa kwetu Kusini, maisha yake yote ya mpira mkubwa wa klabu aliyacheza Yanga. Nizar alibaki kule mpaka akacheza ligi kuu ya Marekani. Nadir akarudi zake kwenye vumbi la nyumbani.

Kitambaa cha unahodha wa Yanga alikirithi kwa Shadrack Nsajigwa, naye beki, wa kulia. Huyo Nsajigwa nitamtaja kwa ufupi tu ingawa anastahili ukurasa wake: Desemba 2010, fainali ya Kombe la Chalenji pale Dar es Salaam, Kilimanjaro Stars dhidi ya Ivory Coast, penalti imepatikana kipindi cha kwanza. Washambuliaji wapo. Nahodha akauchukua mpira mwenyewe, akafunga, ikaisha 1-0, kombe likabaki nyumbani. Beki wa kulia huyo.

Sasa rudi kwa Cannavaro. Kuna jambo moja katika unahodha wake ambalo naona halisemwi vya kutosha. Hesabu makocha. Mwaka 2012 alikuwepo Tom Saintfiet, Mbelgiji, akaondoka hata miezi mitatu haijafika vizuri. Akaja Ernie Brandts, Mholanzi, akabeba ubingwa wa 2012/13, akaondolewa mwishoni mwa 2013. Akaja Hans van der Pluijm. Akaondoka, akaja Marcio Maximo, Mbrazili yule aliyewahi kuifundisha Taifa Stars. Naye akaondoka kabla msimu haujafika mbali, akarudi Pluijm. Baada yake George Lwandamina wa Zambia. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na maneno yake, na kila mmoja alikuta chumba cha kuvalia kina mtu mmoja anayejua nani hali pamoja na nani, nani mkewe amejifungua, nani anadai mshahara wa miezi mingapi. Katika klabu zetu, ambapo kocha anafukuzwa kama dereva wa daladala aliyeleta hesabu pungufu, nahodha ndiye mwenye nyumba. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2014/15, 2015/16 na 2016/17, katikati ya hizo vurugu zote.

Halafu mtu huyuhuyu alikuwa na vitambaa vitatu. Cha Yanga, cha Taifa Stars, na cha Zanzibar Heroes. Fikiria kwanza hali hiyo. Mwezi mmoja unawaongoza kina Kelvin Yondani kama wenzako, mwezi unaofuata mnakutana Chalenji yeye akiwa Bara na wewe Visiwani. Mwaka 2012 kule Kampala timu hizo mbili zilikutana kugombea nafasi ya tatu, Zanzibar wakashinda kwa penalti. Wanasiasa wetu wamezungumzia Muungano kwa miaka sitini na hawajamaliza. Nadir Haroub alikuwa anauvaa mkononi, anauvua, anauvaa mwingine, na Jumatatu yuko mazoezini.

Haya. Tarehe 1 Machi 2014.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, Nachingwea, nje ya duka la fundi redio. Umeme ulikuwa umekatika (usishangae) lakini fundi redio hakosi betri. Yanga walikuwa wanacheza na Al Ahly ya Misri, Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa wasiokumbuka, Al Ahly hao walikuwa mabingwa wa Afrika 2012 na tena 2013. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama akasema tukifungwa mbili tu tumshukuru Mungu, na hakuna aliyembishia. Kipindi cha kwanza sifuri sifuri. Cha pili kikaanza kuyoyoma. Redio ilikuwa inakuja na kukatika, kwa hiyo tulikuwa tunasikia mpira kwa vipande: Ahly wanakwenda... shwaaa... ameokoa. Dakika zikiwa zimebaki kama kumi ikasikika kona, na baada ya kona kelele tupu. Sauti ya mtangazaji haisikiki, kelele za uwanja na za kwetu zimechanganyika, na hatujui nani amefunga. Watu wanarukaruka hawajui wanamshangilia nani. Ndipo likaja jina. Cannavaro. Kwa kichwa. Beki wa kati, nahodha, amepanda kwenye kona akamfunga bingwa wa Afrika.

Ikaisha 1-0. Mzee wa baiskeli alikuwa bado amesimama.

Mechi ya marudiano ilikuwa Alexandria siku nane baadaye. Al Ahly wakapata moja, tukaenda kwenye penalti, tukatolewa 4-3. Sitaki kuielezea. Waliokuwepo wanajua tulikuwa karibu kiasi gani, na jina la aliyekosa ile ya mwisho nimeshalisamehe. Ninachokumbuka ni kwamba kwa wiki nzima watoto wa Nachingwea waliokuwa wanagombania namba tisa walianza kugombania namba nne. Mmoja wao nilikuwa mimi. Bahati mbaya sikuwa na urefu, na nguvu za kugombana nazo sikuwa nazo, nikaishia kuwa namba mbili wa akiba kwenye timu ya mtaa. Namba mbili wa akiba maana yake mbeba ndoo ya maji.

Na hapa ndipo inabidi nikusimulie habari za nahodha mwingine, ambaye gazeti halijawahi kumwandika wala halitamwandika.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na beki wa kati, kijana wa miaka ishirini na tatu hivi wakati ule, fundi wa baiskeli. Sitalitaja jina lake kwa sababu hajaniruhusu. Sisi wadogo tulimwita Kaka, basi. Alikuwa mrefu, mzito kugeuka, na mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Lakini alikuwa anaona. Alikuwa anaongea dakika zote tisini: toka, rudi, bana, mwachie, nyuma yako, nyuma yako! Mtu ambaye hajacheza mpira hajui thamani ya sauti hiyo. Golikipa anaona zaidi lakini yuko mbali, mshambuliaji ameupa mpira mgongo. Beki wa kati uwanja wote uko mbele yake kama shamba. Nadhani ndiyo maana makocha wengi wanampa kitambaa. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda fainali za Mataifa ya Afrika Lagos mwaka 1980, alikuwa beki, na baadaye akaja kuwa rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Jella Mtagwa, nahodha mwingine wa Stars wa enzi hizo, ambaye sura yake iliwahi kuwekwa kwenye stempu, naye beki. Mecky Mexime, beki, nahodha, halafu kocha. Orodha ni ndefu.

Kitambaa cha Kaka kilishonwa na mama yake kwa kipande cha khanga. Hakikuwa na lastiki, kwa hiyo kilifungwa kwa fundo, na kazi ya kulifunga ilikuwa ya mbeba ndoo.

Agosti 2015, ufuta umeshauzwa na watu wana fedha kidogo mifukoni, tukaalikwa Ruangwa kwenye bonanza la timu nne. Zawadi mbuzi. Wakati huo Ruangwa haikuwa hii mnayoiona kwenye televisheni. Hakukuwa na Namungo ya Ligi Kuu, hakukuwa na Uwanja wa Majaliwa wa kuleta Simba na Yanga. Kulikuwa na kiwanja kina kokoto upande mmoja na majani upande mwingine. Tulikwenda kwa Canter, tumesimama nyuma kama magunia, tukafika wekundu kwa vumbi mpaka kope. Nauli tulichanga, ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi aliishika Kaka.

Asubuhi tukashinda mchezo wa kwanza. Jioni fainali. Dakika ya ishirini hivi, winga wetu wa kushoto alikwenda kuugombea mpira na beki wao pale kwenye kokoto. Nilikuwa mbali, na sauti niliisikia. Wale waliokuwa karibu waligeuza nyuso. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Watu walijaa uwanjani, kila mtu daktari. Mwamuzi anataka mchezo uendelee kwa sababu jua linazama. Mwenye Canter anasema hawezi kuondoa gari lake bila kulipwa, mafuta yake ni ya kurudi Nachingwea. Kaka hakugombana na yeyote. Aliingiza mkono kwenye soksi, akatoa zile fedha za nauli ya kurudi za watu kumi na wanane, akampa dereva zote. Akanichagua mimi na mwenzangu mmoja tuondoke na majeruhi, akatuambia tusimwache hata kama watatufukuza. Halafu akarudi uwanjani akacheza. Walishinda 1-0, mimi sikuliona goli.

Usiku alikuja hospitali. Nilitegemea aje na habari za supu, maana kwa desturi mbuzi wa ndondo halali. Alikuja na noti. Mbuzi alikuwa ameshauzwa kwa mchinjaji wa sokoni, shilingi elfu sabini. Zikalipa sehemu ya gharama za pale na zilizobaki zikawa za usafiri wa majeruhi kesho yake. Wachezaji walikuwa wamekaa nje ya uwanja, hawana nauli, hawana mbuzi, wana njaa, na ni mabingwa. Usiku ule tulilala kwenye veranda ya watu. Kuna waliolia kwa hasira kabisa, sitii chumvi.

Sasa, mbuzi yule alikuwa ameshaahidiwa. Timu ilikuwa na mlezi, mtu mzima mwenye uwezo wake, aliyetununulia jezi, na kumbe kabla hatujaondoka alishawaalika wageni. Tuliporudi hatukusikia neno. Wiki mbili zikapita. Siku moja jioni kwenye ukuta wa duka ambapo huwa yanabandikwa majina ya kikosi, ikawekwa karatasi mpya. Juu kabisa iliandikwa nahodha, na jina lililofuata lilikuwa la mshambuliaji wetu. Kijana mzuri, mfungaji hodari, hakuwa na kosa lolote. Kaka aliisoma pale pale ukutani, na watoto kama kumi wamesimama wanamwangalia usoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Alisoma mpaka chini. Akauliza mazoezi kesho saa ngapi. Kesho yake akaja, akamfunga mwenzake kile kitambaa cha khanga ya mama yake kwenye mkono, kwa fundo, akaenda kusimama namba nne. Na akaendelea kupiga kelele zilezile. Toka, rudi, bana, nyuma yako.

Miezi minne baadaye, Januari 2016, Mbwana Samatta alitangazwa kule Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Nchi nzima ilisimama, na haki yetu, hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale. Muda mfupi baadaye kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akamtangaza Samatta kuwa nahodha mpya. Na Cannavaro akatangaza kuachana na timu ya taifa.

Magazeti ya siku zile yaliandika kwamba kilichomuumiza ni namna jambo lilivyofanyika zaidi ya kitambaa chenyewe. Kijiweni watu waligawanyika. Wengine wakasema ana wivu, mtu mzima anamnunia kijana. Wengine wakasema wamemdhalilisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa na hasira kana kwamba ni mimi niliyevuliwa.

Leo nikitazama nyuma, Mkwasa nampa haki yake. Stars ilikuwa imetoka kupigwa 7-0 na Algeria mwezi Novemba, kitu fulani kilikuwa lazima kibadilike. Samatta alikuwa anakwenda Genk ya Ubelgiji, na timu ilihitaji mtu ambaye wapinzani wakimwona kwenye handaki wanajua na sisi tuna mtu. Na nahodha huyo ndiye aliyetupeleka fainali za Afrika za 2019, baada ya miaka 39. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa sawa. Uamuzi sawa, na mtu akaumia, vyote viwili kwa pamoja. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka nani alikuwa na kosa. Mimi naona kuna simu moja ilitakiwa kupigwa mapema zaidi, au kikao cha dakika kumi, na pengine asingeondoka. Pengine angeondoka vilevile! Alikuwa na miaka thelathini na tatu, beki wa kati anayeelekea mwisho, na magoti yanajua umri kabla ya mwenyewe.

Nilikwenda kumuuliza Kaka. Nilimkuta ameinamia gurudumu. Nikamwambia, Kaka, wewe ulivuliwa ukabaki, Cannavaro amevuliwa akaondoka, nani mwanaume? (Swali la mtoto wa kidato, mnisamehe.) Akacheka bila kuinua kichwa.

"Mdogo wangu, mimi nilibaki kwa sababu hapa mtaani hakuna timu nyingine. Yeye ana Yanga."

Nilikuwa nimekwenda na matarajio ya hekima, nikarudi na hiyo. Kadiri ninavyokua ndivyo ninavyoona kwamba alisema kweli tupu. Tunapenda kuwasifu watu wavumilivu wakati mara nyingi hawana pa kwenda. Na tunapenda kuwalaumu wanaoondoka, wakati wanachofanya ni kutumia mlango ambao wengine hawana. Cannavaro alibaki na kitambaa cha Jangwani, na msimu ule ule Yanga wakachukua ligi na Kombe la FA, ingawa mwenyewe majeraha yalianza kumweka nje. Miaka yake miwili ya mwisho alikula benchi zaidi kuliko alivyocheza. Walikuwepo Yondani, Vincent Bossou, Andrew Vincent "Dante". Mwaka 2018 akastaafu, na Yanga wakampa umeneja wa timu. Meneja wa timu kwa mtindo wetu ni mtu wa kuhakikisha basi limefika, vyumba vya hoteli vimetosha, pasi za kusafiria zimekusanywa, na mchezaji aliyefiwa amepata ruhusa. Yaani kazi ileile, bila jezi.

Jangwani hawakujifunza kitu, kwa kweli. Yondani aliyerithi kitambaa alivuliwa na kocha Mwinyi Zahera Januari 2019, akapewa Ibrahim Ajibu, na habari ikazunguka kila kona. Kwenye mpira wetu kitambaa kinavuliwa hadharani kila mwaka.

Nasema haya nikiwa sasa upande wa pili wa meza. Ninafanya kazi kwenye dawati la michezo, na karatasi zile za ukutani siku hizi zinakuja kwa WhatsApp kabla hazijabandikwa. Msimu mmoja uliopita, nilitumiwa na mtu wa ndani ya klabu fulani (sitaitaja) kwamba nahodha wao, beki, amebadilishwa. Mhariri alitaka habari kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikampigia yule beki kutaka kauli yake. Aliposikia swali akanyamaza. Nilisikia nyuma yake sauti ya mtoto na ya televisheni. Akaniuliza taratibu, "Umesikia wapi, mwandishi?" Hapo nikajua hajui. Nikamwambia sitapeleka habari mpaka saa kumi na mbili, ajaribu kuwapigia viongozi wake kwanza. Mhariri alifoka, na akili ya kazi ilikuwa upande wake, kwa sababu mtandao mmoja uliiweka saa kumi na moja na nusu. Yule beki alinipigia usiku. Hakutoa kauli yoyote. Alisema asante kwa kunipigia, akakata. Mpaka leo nikimwona uwanjani ananipa mkono na hatuzungumzii hilo.

Watu wa Simba, niliwaahidi. Tarehe 24 Machi 2019, Uwanja wa Taifa, Stars na Uganda, lazima tushinde ili twende Misri. 3-0. La kwanza Simon Msuva. La pili Erasto Nyoni wa Simba kwa penalti. La tatu Aggrey Morris wa Azam kwa kichwa. Magoli mawili kati ya matatu yaliyotutoa kwenye miaka 39 ya kukaa nyumbani yamefungwa na mabeki! Niulize kijiweni wangapi wanakumbuka hivyo. Wanakumbuka Samatta na Msuva.

Na Nyoni huyo, mzaliwa wa Songea, aliyefunga goli la ushindi kule Ouagadougou dhidi ya Burkina Faso Juni 2007 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwaka 2023 alisajiliwa na nani? Namungo. Ruangwa. Mtu aliyechukua ubingwa na Azam, akachukua mara nne mfululizo na Simba, akaja kucheza hatua chache kutoka kwenye ile kokoto yetu.

Ruangwa imebadilika. Namungo walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, wakamaliza wa nne kwa mara ya kwanza tu, wakafika fainali ya Kombe la FA kule Sumbawanga wakafungwa na Simba 2-1, na kwa fainali hiyo wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaingia mpaka makundi, na Raja Casablanca na Pyramids. Huko walipigwa mechi zote, lakini nani alitegemea Raja wangetajwa sentensi moja na Ruangwa? Uwanja una jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa pale na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, na wapo wanaosema bila yeye kusingekuwa na timu. Wapo wanaojiuliza itakuwaje sasa. Hiyo ni mada ya siku nyingine, maana nimesema siasa ziko likizo.

Nilipotumwa kuandika mechi ya Namungo pale, nilipitia Nachingwea nikamchukua Kaka. Bado ni fundi, sasa wa pikipiki, na jioni anafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na tano kwenye uwanja wa shule. Tulikaa upande wa jua. Nikagundua hatazami mpira. Mpira ukiwa kulia yeye anaangalia kushoto, anawaangalia mabeki wasio na kazi wamesimama wapi. Ikafika wakati namba tano wa Namungo amesogea mbele kupita kiasi, Kaka akajikuta anapiga kelele kutoka jukwaani, nyuma yako, nyuma yako, kana kwamba anasikiwa. Mama mmoja muuza karanga akamgeukia akamwambia baba tulia, timu ina kocha.

Winga wetu yule mguu ulipona. Ni mwalimu sasa, wilaya nyingine, ana mke na watoto wawili, na ukimtazama akipanda ngazi ndiyo utajua uliwahi kuvunjika. Alikuja siku ile na wenzetu watatu. Baada ya mechi tuliingia sokoni kutafuta chakula, tukapata kibanda cha supu ya mbuzi, na kabla mtu hajaketi mshambuliaji wetu, yule aliyepewa kitambaa mwaka 2015, akamwambia Kaka kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba leo analipa yeye, deni lina miaka mingi, na tunataka na riba.

Kaka akauliza supu bakuli shilingi ngapi. Akaambiwa. Akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama alivyokuwa anatuhesabu kwenye Canter, akaagiza bakuli nne kwa watu sita.